Mzee kakatwa utumbo mpana, kila akila anakimbilia choo. Tumlishe nini?

MwanaBusia: Hamjambo humu. Baba alipasuliwa Kampala, utumbo mpana ulijisokota wakakata kipande na kuunga. Yuko nyumbani Busia, wiki ya tatu sasa. Kila akila hata nusu saa haiishi, choo kinambana, tena laini, mara tano sita kwa siku. Shangazi anamsongea kalo (ugali wa wimbi) na dodo (mboga ya mchicha) "arudishe damu". Mama hataki kusikia, anampa chai kavu tu. Mzee anazidi kukonda.

NesiMstaafu: Pole mwanangu. Utumbo mpana ndio unaofyonza maji. Ukipunguzwa, choo hulegea mpaka uliobaki uzoee, wiki kadhaa au hata miezi. Shangazi asubiri na mama naye alegeze: chai kavu haifungi mshono, protini ndiyo inayofunga. Matoke yaliyopondwa, wali, viazi bila maganda, yai, sato asiye na miiba. Kidogo kidogo mara nyingi, na atafune sana. Dodo, maharage, mahindi ya kuchoma, mapera na mbegu zake, kwa kawaida husubiri wiki nne hadi sita. Daktari aliyempasua ndiye wa kuwapa ruhusa. Hapo mnarudisha kimoja kimoja.

BodaJinja: Mbegu za papai zilizosagwa! Zinasafisha tumbo lote.

NesiMstaafu: We kijana, mtu anaharisha, unamsafisha nini tena?

MamaArua: 😂 Mimi nilikatwa upande wa kulia. Maziwa yalinijaza gesi balaa, nikayaweka kando kwa muda. Jambo ambalo watu wanaona haya kulisema: huko nyuma kutachubuka. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu badala ya karatasi, akaushe kwa kitambaa laini bila kusugua, apake mafuta ya mgando. Na atembeetembee uani, asilale tu.

MwanaBusia: Asanteni mno. Na bushera, ule uji wa mtama au wimbi?

NesiMstaafu: Iliyochacha asinywe kwanza, itamjaza gesi. Uji mwembamba wa mchele unatosha, na ORS (maji ya chumvichumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) anywe funda moja moja siku choo kikizidi. Dawa ya kufunga choo msimnunulie dukani bila daktari. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika, ushuzi ukigoma kutoka, akipata homa, au mkiona damu chooni au usaha kwenye kidonda, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.