Yule bwana wa duka la ndoano kaikunja tena ncha ya fimbo ya kuvulia kwa mkono. KWA MKONO!

Chubwi la Uyole (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimesimama kwa sababu hasira hainiruhusu kukaa.

Nimetoka Mwanjelwa, Mbeya, sasa hivi. Yule bwana mnamjua. Jina sitaji na hakuna haja, maana kila mvuvi wa ndoano kuanzia Tunduma mpaka Ruaha Mbuyuni keshapigwa na mkono uleule. Mteja kaomba fimbo ya kambale, ya kuvulia bwawani akiwa ukingoni. Yule bwana kachomoa fimbo ya kuvutika, ile ambayo vipande vyake vinaingiana, kaishika ncha kwa vidole viwili, kaikunja mpaka ikakaribia kugusa mpini. Mpini! Mbele ya kadamnasi! Halafu anachekelea: "Umeona uimara huo?" Alipoulizwa inarusha gramu ngapi, akajibu: "Kama bei inakutisha, nenda Iringa ukakate mwanzi wa ulanzi."

Mwanzi wa ulanzi, jamani, ule wa kugemea pombe.

Kwa wasiojua kwa nini damu inachemka: fimbo haikunjwi hivyo. Ukiwa na samaki, mshipi (uzi wa kuvulia) unapita kwenye pete zote, mzigo unagawanyika, ncha inalegea tu na kazi inafanywa na tumbo la fimbo, pale kwenye unene. Ukishika ncha kwa vidole, mzigo wote unaishia kwenye sentimita 20 za mwisho ambazo ni nyembamba kuliko njiti. Faiba, yaani fimbo ya nyuzi za kioo, inaweza kukusamehe. Kaboni haikusamehi: nyuzi za ndani zinapasuka, rangi ya juu haionyeshi kitu, unalipa, unaondoka na furaha yako. Siku ya kwanza ukirusha unasikia PA! Ukirudi dukani unaambiwa umeirusha vibaya. Kila fimbo iliyotundikwa kwenye ule ukuta imeshakunjwa na yule bwana. ZOTE. Anazikunja asubuhi kabla hajanywa chai.

Kupima fimbo kunafahamika. Funga rili (kile cha kukunjia mshipi), pitisha mshipi kwenye pete zote, mwenzako ashike mwisho wa mshipi akae hatua tano mbele, wewe inua taratibu. Tazama upinde. Ukiishia theluthi ya juu, hiyo ni fimbo ya haraka, ya chambo bandia na kuvuta ghafla. Ukifika katikati, ni ya kazi mchanganyiko. Ukishuka mpaka mkononi, ni ya pole, hairarui mdomo wa samaki laini. Usiinue fimbo ikapita wima kwenda nyuma yako, hapo ndipo ncha zinapokufa hata kwa wajuzi.

Na gramu zimeandikwa juu ya mpini! Mtu hatakiwi hata kuuliza. Kuna urefu, kuna "C.W. 40-80 g" yaani uzito wa kurusha, pengine kuna "lb" ya mshipi, ambapo 10 ni kama kilo 4.5. Uzito wa kurusha ni chubwi (kile kizito cha kuzamisha ndoano), ndoano NA chambo vyote kwa pamoja. Ile aliyoikunja imeandikwa 10-30. Kambale wa ukingoni anataka chubwi la gramu 40, weka na kipande cha sabuni ya mche au utumbo wa kuku, umeshafika 60. Fimbo ya 30 unairushia mzigo mara mbili yake, na ncha ilishakunjwa. Kwa mkono.

Wa bwawani achukue mita 2.4 mpaka 2.7, gramu 40-80, vipande viwili, siyo ya kuvutika. Sentensi moja tu! Yeye kaona mwanzi wa ulanzi ndiyo jibu.

---

Nimekaa Paleee

Siti ya mbele. Karanga ninazo, za Mbozi.

---

Mnyalu Halisi

Kamwene mleta mada. Ulanzi umekukosea nini? Tena huyo bwana wako hajui hata tusi lake. Mwanzi wa ulanzi hukatwa ncha ungali mchanga, ukawa unachongwa kidogo kidogo utomvu udondoke kwenye mbeta, chombo cha kukingia. Sasa mwanzi usio na ncha utavulia nini? Atakuwa hajawahi kufika hata Ipogolo.

Mwanzi wa kuvulia ni mwingine: uliokomaa, rangi imeanza kugeuka njano, unene wa kidole gumba shinani, mita 3 mpaka 4. Unakatwa kiangazi kwa sababu wa masika una maji mengi na bungua, yule mdudu wa kutoboa, anaupenda. Unauning'iniza kivulini huku umefunga jiwe upande wa chini ili unyooke, wiki tatu au nne. Palipobaki na kona unapasha kwenye makaa, unanyoosha kwa goti. Mshipi usiufunge nchani peke yake. Uanzie mkononi, uufunge kila baada ya fundo mbili tatu mpaka juu. Siku ncha ikikatika, samaki bado wako.

Kwa perege wa ukingoni, boya dogo, ndoano namba 8 au 10, mnyoo, hakuna cha dukani kinachoushinda. Unashusha chambo kimyakimya kwenye uwazi kati ya majani, hurushi, hupigi maji kelele. Kwa hiyo hapo alikushauri vizuri bila kujua. 😂

---

Chubwi la Uyole

Mkuu, mteja alitaka KAMBALE. Kambale wa kilo 6 na mwanzi usio na rili mtaonana wapi? Halafu unaruka hoja. Hoja ni ncha. Kaikunja. Mpaka mpini.

---

Binti Matema

Kaka Chubwi punguza povu, utaloa simu.

Ila kwa yule bwana naunga mkono. Dhambi yake kubwa siyo kukunja, ni stika. Kila kitu pale ni "Kaboni 99%". Fimbo nzito, mpini mnene, kaboni 99%. Nadhani hata ndoo za kufulia kazibandika. Wakuu, mnaoshindwa kutofautisha: ishike kwenye mpini, itikise mara moja, uache. Kaboni inatetemeka kidogo na kutulia papo hapo. Faiba inaendelea kuyumba, unaweza kusalimiana na jirani kabla haijasimama. Na faiba si mbaya, kwa mtoto au kwa kambale ni bora maana inavumilia kugongwa na mtumbwi. Ubaya ni kulipa bei ya kaboni.

Huku kwetu ziwa Nyasa mtu anayetaka samaki aina ya mbasa, fimbo inayoyumba haimfai. Mbasa anafukuza usipa (dagaa wa Nyasa), yuko mbio, anagonga mara moja. Unataka mita 2.1 hadi 2.4, gramu 10-30, ya haraka, na chambo bandia cha kung'aa chenye urefu wa usipa. Hiyo hiyo uliyoisema imekunjwa ingetufaa sisi, kwa hiyo umetuharibia fimbo kwa kumwacha aikunje.

---

Fundi Rili

Ncha, stika, hayo madogo. Nani kaona alivyofunga rili kwenye zile za maonyesho? Fimbo ina kichokoo chini ya kiti cha rili, cha kushikia kwa kidole, pete zake ni ndogo na zinatazama JUU. Hiyo ni ya rili ya kukaa juu ya fimbo. Yeye kafunga rili ya kuning'inia chini ya fimbo, kageuza fimbo kichwa chini, kichokoo kinakuangalia usoni. Rili ya kuning'inia inatoa mshipi kwa mizunguko mipana, ndiyo maana fimbo yake pete ya kwanza ni kubwa halafu zinapungua kuelekea ncha. Ukiipitisha kwenye vipete, mshipi unajigonga, umbali unapungua na mafundo unayafungua mpaka magharibi.

Na kabla ya kulipa, chukua pamba, ipitishe ndani ya kila pete ukizungusha. Ikinasa, kigae cha ndani kimepasuka, kitakukatia mshipi. Hasa nyuzi za kusuka, hizo zinachimba hata pete za bati.

---

Povu Mita

Maneno mia tano kwa ajili ya kambale. Mods, hamishieni jukwaa la mahusiano, huyu kaachwa.

---

Chubwi la Uyole

Sijaachwa! Nyie hamkuona ile ncha ilivyolia. Ililia "kri".

---

Baridi ya Mufindi

Wote mna bahati, ninyi mnavua vitu anavyovijua. Nenda kaulize fimbo ya kurushia chambo cha inzi bandia, ya trauti wa vijito vya huku kwenye baridi. Anakuletea ileile ya kuvutika na inzi wa plastiki wa pambo. Fimbo ya inzi haina gramu, ina namba, na namba inaendana na mshipi wake maana kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe, inzi hana uzito wowote. Kwa kijito chembamba chenye miti juu, namba 3 au 4, futi 7 na nusu. Kwenye uwazi au bwawani, namba 5, futi 9. Rili inakaa mwisho kabisa wa mpini, nyuma ya mkono. Yeye alipoona kiti cha rili kiko nyuma alisema imeunganishwa kimakosa kiwandani na akataka kuikata kwa msumeno.

---

Kijana wa Mtera

Mufindi na vijito vyenu. Trauti mmoja kiganja kizima na mnataka heshima.

Breki ya rili, ile inayobana mshipi usitoke ovyo, mbona hakuna aliyeigusa? Nusu ya fimbo "zilizokunjwa" zinavunjwa na breki iliyokazwa kwa koleo. Breki iachie kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 8, ning'iniza kiroba cha sembe cha kilo 2, mshipi ukianza kutoka taratibu basi iache hapo. Na kambale hana meno ya kukata ila mdomo wake ni msasa, sentimita 50 za mwisho weka uzi mnene zaidi. Kwa wale samaki wenye meno wa mto Kilombero weka waya, bila waya usiondoke nyumbani.

---

Safari Njema

Mnalaumu duka, mnalaumu breki. Fimbo za nyanda za juu zinavunjwa na MAKONDA. Coaster ya Kyela, unapanda na fimbo yako kwenye mfuko wa kitambaa, konda anasema peleka juu ya keria. Juu ya keria kuna viazi. Ukifika Tukuyu wamepakia ndizi juu ya viazi, na fimbo iko katikati. Unamwambia konda kuna kitu kinavunjika, anakujibu "bosi, imelala vizuri."

---

Binti Matema

Umesema kweli mkuu! Na siyo gunia la kawaida, ni lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Ile kofia ya juu ndiyo inayoua fimbo, haikai sawa, inabingirika kwenye kona za Kiwira.

---

Fundi Rili

Suluhisho la keria: bomba la maji taka la plastiki la inchi 3, likate liwe refu kuliko kipande kirefu cha fimbo kwa sentimita 10. Kifuniko cha chini kigandishwe kwa gundi ya mabomba, cha juu kiache kikaze chenyewe au weka cha kuzungusha. Ndani chini weka sponji. Toboa vitundu viwili vidogo, fimbo iliyofungiwa na unyevu inavimba koki (gome laini la mpini) na chuma cha kiti cha rili kinapata kutu. Lumbesa ikae juu yake mpaka Kasumulu, hakuna kitu. Hapo tena unaona faida ya vipande viwili, vya fimbo ya mita 2.4 vinakuwa mita 1.2 na kidogo tu. Maungio yakianza kulegea pakaa nta ya mshumaa, usifunge selotepu.

---

Chubwi la Uyole

Tusitoke kwenye mada wakuu. Yule bwana KAIKUNJA...

---

Mnyalu Halisi

Kuhusu lumbesa, mwenye gunia la kilo 100 huku hapati mnunuzi. Dalali anataka kofia ndiyo aanze kuongea bei. Halafu mkulima anauza kwa gunia, dalali akifika mjini anauza kwa ndoo. Hiyo kofia peke yake ni ndoo ngapi?

---

Safari Njema

Ndoo nazo zinagongwa zitanuke. Nenda Uyole ujionee.

---

Povu Mita

Sasa huu ndio uzi. Mods badilisheni kichwa.

---

Kijana wa Mtera

Fundi, bomba la inchi 2 halitoshi? Pete ya kwanza ya fimbo ya rili ya saizi 4000 ni kubwa, ila inchi 3 konda atalichaji nauli ya mtu mzima.

---

Fundi Rili

Inchi 2 inatosha kwa mbasa. Ya kambale pete inagoma. Mkatalie nauli, mwambie ni bomba la choo.

---

Nimekaa Paleee

Karanga zimeisha. Viazi gunia bei gani leo Uyole?