Bango la kupinga kuku kuning'inizwa kwenye bodaboda: tuweke damu?

Mchoraji_Mbale:
Wadau, tunaandaa bango moja la mita 1 kwa 2 la steji ya bodaboda karibu na soko. Wenzangu wanataka picha ya mguu wa kuku uliovunjika, mfupa nje, damu tele. Wanasema bila kushtua hakuna atakayesimama. Mnaonaje?

Mwenezi:
Damu huvuta jicho, lakini haimwambii mtu afanye nini. Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano, aliandika mwaka 1992 kwamba mtu akitishwa na akaona njia anayoiweza, hubadilika. Akitishwa bila njia, hupambana na hofu yenyewe: anageuza uso, au anasema mmetia chumvi. Na hapo stejini msomaji wenu ni dereva, kuku si wake! Mwonyesheni tenga limefungwa nyuma ya kiti kwa mipira ya tyubu. Hilo analiweza leo leo.

Daktari_Mifugo:
Naunga mkono. Kuku hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo, kwa hiyo akiwa kichwa chini matumbo hulalia vifuko vya hewa na kupumua kunakuwa kazi. Nyonga huteguka, paja huvilia damu, na nyama ile mnunuzi huikataa. Mchuuzi anaielewa hasara hiyo upesi kuliko huruma. Pigeni picha ya karibu: mdomo wazi, bawa limelegea, kamba ya nailoni imezama mguuni. Inauma kuitazama, na hakuna tone la damu.

Mpigachapa:
Na msithubutu kumlinganisha kuku na mateso ya watu. PETA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, liliweka picha za wafungwa wa kambi za Wanazi kando ya mifugo. Mahakama za Ujerumani zikazuia mabango hayo, na mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaliacha zuio lisimame. Kesi ikawa ya heshima ya wahanga, si ya mnyama.

Sasa vipimo. Herufi ziwe sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Msomaji akiwa mita 12, herufi ni sentimita 10. Maneno yasizidi matano: "Kuku tengani, si usukanini." Kabla ya kuchapa, toeni nakala yenye upande mrefu wa sentimita 10, muishike sentimita 60 kutoka machoni. Ndivyo bango litakavyoonekana toka ng'ambo ya barabara. Kama tenga halitambuliki hapo, ikuzeni picha, punguzeni maneno.

Mwenezi:
Rasimu aione kwanza mwenyekiti wa steji. Asipoikubali, itachanwa usiku uleule.