MJADALA: Willy Gamba aingie darasani, au abaki nje ya orodha ya vitabu vya fasihi?

MLETA MADA

Wakuu, hoja yangu naitanguliza ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia. Orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili shuleni, huku kwetu Tanzania na hata Kenya, iwe na angalau riwaya moja iliyochaguliwa kwa sababu moja tu: mwanafunzi akiianza hataki kuiweka chini. Nawasemea wale wanaowekwa kando kwa jina la "riwaya pendwa", yaani za kuburudisha: Elvis Musiba aliyemwumba mpelelezi Willy Gamba, Ben Mtobwa na, kabla yao, Muhammed Said Abdulla.

Nimekuwa nikisoma vya mtihani na visivyo vya mtihani kwa kuchanganya. Nitasema nilivyoviona, na mwenye kuona tofauti aseme.

Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert naiheshimu. Kuandika chini ya utawala wa Mwingereza habari za nchi ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, huo ni ujasiri mkubwa. Lakini ukifika kwa mjumbe wa nne, tayari unajua yatakayompata wa tano na wa sita: atakwenda, ataona mema ya ugenini, atarudi kuyaeleza, atafungwa. Hotuba zipo na ni nzuri, ila watu wenyewe siwaoni. Mtoto wa miaka 15 akikabidhiwa hiki kiwe kitabu chake cha kwanza, ataamini kwamba riwaya ni mawaidha marefu.

Rosa Mistika (1971) ni habari nyingine kabisa. Kezilahabi anamchukua binti wa Namagondo, Ukerewe, ambaye baba yake Zakaria ni mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anampeleka shule, anampeleka chuo, na hatuachii nafasi ya kudhani kwamba aliyeharibika ni Rosa peke yake. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, ati kinapotosha vijana. Mimi sijasoma kitabu cha Kiswahili kinachojali maadili kuliko hiki. Kinamkabili mzazi ana kwa ana: ulimlea binti yako, au ulimtisha tu mpaka siku alipotoka machoni pako? Nilipofika anapojiua, hasira zangu zote zilikuwa kwa Zakaria. Kama kuna kitabu cha kusomwa na wazazi na watoto katika nyumba moja, ni hiki, na waliokizuia walikuwa wanajikinga wao.

Mwandishi huyohuyo akaja kuandika Nagona (1990). Nimeisoma yote. Kuna kurasa zilizonisisimua mwili, na kuna kurasa nilizopita bila kushika chochote. Wanaosema ndiyo kilele cha riwaya yetu wana hoja zao, lakini kiachwe chuo kikuu, wenye muda wa kubishana nacho wabishane.

Kuli (1979) ya Adam Shafi ina bandari ya Unguja ndani yake, jasho na magunia na ule mgomo wa 1948. Tatizo ni pale wahusika wanapoanza kuhutubiana. Sasa shika Vuta n'kuvute (1999) ya mtu huyohuyo. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa umri wa baba yake, anaamua kutoka, na kuanzia hapo hakuna ukurasa uliolala. Siasa za kumwondoa mkoloni zimo tele kupitia kwa Denge, lakini zimebebwa na mapenzi, woga, njaa na urafiki wa Yasmin na Mwajuma. Mwajuma! Hana cheo chochote katika historia, na ndiye ninayemkumbuka kuliko wote. Hii ndiyo riwaya ninayoipenda kupita zote za Kiswahili. Imesomwa kidato cha tano na sita, kwa hiyo nisisikie mtu akidai kwamba kitabu cha mtihani lazima kiwe kikavu.

Kwa Ken Walibora nina moyo wa namna mbili. Siku Njema (1996) ina sadfa nyingi mno, lakini safari ya Kongowea kutoka Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu anayevuka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, ilinitoa machozi. Kidagaa Kimemwozea kimeandikwa kwa ustadi zaidi, ila ukishaitwa Amani, Imani na Mtemi Nasaba Bora, msomaji ameshaelekezwa ampende nani na amchukie nani kabla hajafungua sura ya pili.

Ya mwisho nataka iangaliwe kwa haki. Kufa na Kupona (1974) ya Musiba: Willy Gamba, mpelelezi wetu kutoka Dar es Salaam, yuko mbioni Nairobi kuokoa siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Ni kitabu cha risasi na wasichana, sawa, lakini kimechukua jambo lililokuwa moto wa enzi hiyo na kumfanya kijana wa kawaida aone linamhusu. Na anayesema riwaya pendwa hazina lugha, asome Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa na kiko chake wanachunguza mauaji kwa Kiswahili cha Unguja ambacho vitabu vingi vya orodha havijakikaribia.

Semeni.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mwalimu wa Kiswahili)

Ndugu mleta mada, nafundisha kidato cha nne na nakupinga. Mwanamke katika vitabu vya Willy Gamba ni pambo au mtego. Darasa langu lina wasichana kwa wavulana. Nikisimama mbele yao na kitabu hicho, nawafundisha nini? Pili, mtihani unauliza dhamira, migogoro, matumizi ya lugha. Kitabu kisicho na kina hakijibu swali.

MCHANGIAJI WA PILI

Shaaban Robert umemwonea, mkuu. Kusadikika haisomwi kwa macho ya haraka. Isome kwa sauti, pale mashtaka ya Majivuno yanapojibiwa, uone sentensi zinavyopanda na kushuka. Yule mzee alikuwa mshairi hata kwenye nathari. Anayetafuta wahusika wa siku hizi mule ndani amekwenda kutafuta kisichokuwa shabaha yake.

MLETA MADA

Mkuu wa pili, hilo la sauti nalipokea na nitalifanyia kazi. Ila linathibitisha kwamba kitabu kile kinataka mwalimu mahiri wa kukisoma darasani, na siyo kila shule inaye. Sisemi kiondolewe. Nasema kisiwe mlango wa kuingilia.

Mwalimu, la wanawake ni kweli tupu na sitalitetea. Nalo ni swali la mtihani: "Jadili namna mwandishi alivyomchora mwanamke, na ueleze kama unakubaliana naye." Darasa likimpinga Musiba kwa hoja limefanya kazi ya fasihi kuliko darasa linalokariri kwamba Amani anawakilisha amani. Na kama Gamba ni mzito kwako, Bwana Msa yupo, tena bila risasi.

Kinachonikera zaidi ni hizi kurasa za uchambuzi, ile miongozo. Tumeweka vitabu ambavyo mwanafunzi anafaulu bila kuvifungua. Anakariri dhamira nne, anaongeza wahusika watatu, anapata alama, na akimaliza shule hagusi tena riwaya ya Kiswahili. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, na Kiswahili chake, Peponi, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kikatoka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Miaka 28, kwa kitabu cha pwani yetu wenyewe! Mchapishaji hawezi kulaumiwa peke yake kama hakuna wasomaji wanaodai.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kidato cha kwanza na cha pili wapewe hadithi ya upelelezi, isomwe yote, bila mwongozo, na maswali yake yawe yale ambayo asiyesoma hawezi kujibu: nani alijua nini, na alijua lini. Rosa Mistika ifuate. Kusadikika ije wakishapenda kusoma. Mwalimu, wewe uko darasani kila siku: kwa mpangilio huo, nini kitaharibika?