Naomba ushauri: kikao chetu na kampuni kuhusu kamisheni zinazokatwa

Wadau, naombeni ushauri. Chama chetu cha mawakala wa bima kinaandaa kikao na kampuni ya bima kuhusu kamisheni ambazo wakala alishalipwa, kisha zinakatwa kwa sababu mteja kaacha mapema kulipia bima yake. Makato yanakuja kwa mkupuo, bila namba ya mkataba wala tarehe ya malipo ya mwisho, hivyo wakala hawezi kuhakiki. Tunafikiria kukusanya taarifa za kamisheni za miezi 6, tutenganishe mikataba iliyokufa kweli (mteja kaacha kulipa) na ile ambayo malipo yalichelewa benki (ndiyo yenye ugomvi mwingi), kisha tupeleke jedwali moja badala ya malalamiko ya mmoja mmoja. Tudai kwanza taarifa ya siku 30 kabla ya makato, au tuanze na kamati ya pamoja? Na muhtasari wa kikao asaini nani, meneja mpya asije akaukana?