Naomba ushauri: ndege ya rimoti ya sarakasi, mkia mzito

Habari zenu wakuu. Nina ndege ya umeme ya sarakasi, mabawa mita 1.2, uzito kilo 1.2 hivi, betri ya lipo (lithiamu polima) seli 3, mAh 2200 (kiasi cha chaji inachobeba). Betri nimeisogeza mbele hadi ikagota, bado mkia mzito. Nikiipindua tumbo juu inapanda yenyewe. Kipande cha madini ya risasi cha gramu 50 puani kiliituliza, ila roho inaniuma kubebesha ndege uzito usio na kazi.

Nafikiria betri ya seli 4, itaongeza kama gramu 60 mbele badala ya hiyo risasi. Shida ni umeme: volti zikipanda mota huvuta ampea zaidi, na kwa propela ya 13x6.5 (kipenyo inchi 13, mwinamo inchi 6.5) tayari inavuta ampea 38, na kidhibiti mwendo (kifaa kinachoipa mota umeme) ni cha ampea 50. Nikishuka hadi propela ya inchi 11 itakuwa salama na bado itaning'inia wima (kusimama hewani pua juu)? Au nibaki seli 3 zenye mAh nyingi zaidi?