Gumzo la familia: dishi moja, televisheni tatu

Mama Asha: Hamjambo wote. Naomba msaada, maana jambo hili limeanza kuleta maneno nyumbani. Dishi ni moja, televisheni ni mbili: ya sebuleni na ya chumbani kwa Bibi. Waya wa dishi umegawanywa kwa splita. Bibi akibadilisha chaneli, ya sebuleni inaandika hakuna mawimbi. Ila si kila mara.

Shangazi Zuhura: Hatujambo. Na mimi nataka kuvuta waya hadi nyumba ya uani, kwa hiyo nafuatilia.

Hamisi: Splita imechoka hiyo. Wekeni mpya.

Mjomba Idi: Hapana Hamisi, hata mpya italeta hayohayo. Mama Asha, yenu inapopotea, Bibi huwa ameweka nini?

Mama Asha: Ile chaneli ya mawaidha. Akirudi kwenye habari, yetu nayo inarudi.

Mjomba Idi: Shikamoo mama. Na yako je, hukatika?

Bibi: Marahaba mwanangu. Hukatika sana. Wakiweka mpira tu, habari zangu zimekwenda.

Mjomba Idi: Na ukiwa kwenye mawaidha, wao wako kwenye mpira?

Bibi: Hapo tunatazama wote, hakuna tatizo.

Mjomba Idi: Basi nimeelewa. Waya ule haushushi mawimbi peke yake, unapandisha amri pia. Setilaiti hurusha chaneli nyingine kwa mawimbi ya wima na nyingine kwa mawimbi ya mlalo, ili masafa yaleyale yabebe nyingi zaidi. LNB, ile iliyoshikwa na mkono mbele ya dishi, haiwezi kuziteremsha zote kwa waya mmoja. Kwa hiyo king'amuzi kinaiambia kinataka zipi. Kikipeleka volti 13, LNB inatoa za wima. Kikipeleka 18, inatoa za mlalo.

Mjomba Idi: Bado kuna jingine. Masafa ya setilaiti yaitwayo Ku, ndiyo tunayopokea, ni gigahezi 10.7 hadi 12.75. LNB huyashusha hadi megahezi 950 mpaka 2150 ndipo yapite kwenye waya, na nafasi hiyo haiyatoshi yote kwa pamoja. Ndiyo maana yamegawanywa: sehemu ya chini na ya juu. King'amuzi kikitaka ya juu kinaongeza mtetemo wa kilohezi 22 juu ya ule umeme. Hesabuni sasa: wima chini, wima juu, mlalo chini, mlalo juu. Robo nne, na waya hubeba robo moja tu kwa wakati mmoja.

Hamisi: Na ving'amuzi viwili vikitoa amri tofauti kwenye waya mmoja?

Mjomba Idi: Volti kubwa ndiyo inayosikika. Mawaidha na mpira zitakuwa za mlalo, habari ni ya wima. Bibi akiweka mawaidha, 18 yake inaifunika 13 ya sebuleni. Sebuleni wakiweka mpira, Bibi anakosa habari. Wote wakiwa mlalo na sehemu ileile, mnaelewana. Ukitaka kuhakikisha, Mama Asha, chomoa king'amuzi cha Bibi kwenye umeme. Chaneli zote za sebuleni zitakubali.

Mama Asha: Nimechomoa. Kweli, zote zimekuja!

Bibi: Kumbe hakuna aliyekuwa ananikatia makusudi.

Mjomba Idi: Hakuna kabisa, mama. Mlikuwa mnavutana bila kujua.

Hamisi: Kwa nini basi tusitumie king'amuzi kimoja na picha yake ndiyo tuipeleke vyumba vyote?

Mjomba Idi: Inawezekana, vipo vifaa vya kuigawa. Lakini nyumba nzima itatazama chaneli moja, ile aliyochagua mwenye rimoti. Sitaki Bibi aombe ruhusa kutazama habari. Dawa ni kila king'amuzi kiwe na njia yake hadi kwenye LNB. Dishi linabaki hilohilo, tunabadilisha LNB tu. Kuna twin yenye matundu mawili na quad yenye manne, na kila tundu linasikiliza king'amuzi chake. Kwa nyinyi watatu, quad.

Shangazi Zuhura: Nimeona imeandikwa quattro. Ndiyo hiyo?

Mjomba Idi: Asante kwa kuuliza, hapo watu wengi hupoteza hela. Siyo. Quattro nayo ina matundu manne, lakini kila tundu limefungiwa robo yake. Ukichomeka king'amuzi moja kwa moja utapata robo ya chaneli na utadhani dishi limesogea. Quattro huenda na multiswichi.

Baba Juma: Samahani kuingilia. Mimi nina nyumba ya wapangaji, vyumba ni vingi. Kila mmoja anataka kufunga dishi lake.

Mjomba Idi: Hapo ndipo penye quattro, Baba Juma. Waya nne kutoka LNB hadi multiswichi, na kutoka multiswichi waya mmoja kwa kila king'amuzi. Yenyewe inampa kila mpangaji robo anayoitaka. Kama kuta haziruhusu waya nyingi, kuna Unicable: waya mmoja, kila king'amuzi kinapangiwa masafa yake. Kiwango cha EN 50494 kinafika ving'amuzi 8, na EN 50607 kinafika 32. Lakini lazima king'amuzi chenyewe kiikubali, angalia kwenye menyu yake. Na kama ni cha kulipia, kuchangia dishi si kuchangia malipo. Kila king'amuzi na usajili wake.

Baba Juma: Nimekupata vizuri. Ahsante sana.

Shangazi Zuhura: Kwangu uani ni kama mita 40. Mawimbi yatafika?

Mjomba Idi: Yatafika, ila waya uwe wa aina ya RG6, wa omu 75, kiini chake shaba tupu, si chuma kilichopakwa shaba. Mawimbi hupungua njiani, na ya megahezi 2150 hupungua zaidi kuliko ya 950. Volti nayo hupungua, kwa hiyo kiini kibovu kitaiangusha ile 18 hadi LNB ishindwe kuitambua. Uvute mzima, usiuunge katikati.

Hamisi: Nikitoa LNB ya zamani nichunge nini?

Mjomba Idi: Kwanza zima ving'amuzi vyote na uchomoe kwenye umeme, maana kile kiini kina volti na kikigusa ganda unaweza kuunguza king'amuzi. Kisha chora alama ya LNB ilivyogeuzwa kwenye kishikio chake. Mpya ikikaa imepinda, wima na mlalo vinaingiliana na chaneli zinakwaruza. Konekta za juu zifungwe zisiingize maji, na lile tundu la nne lifunikwe kifuniko chake. Splita itoke kabisa.

Mama Asha: Bomba la ukutani lina waya mmoja tu. Tutapitisha wapi mwingine?

Hamisi: Nimelichungulia sasa hivi, shangazi. Wa pili unaingia bila kubana. Ule wa uani utashukia nje, nyuma ya jiko.

Mjomba Idi: Vizuri. Kabla haujaingia ukutani uache ukunje kidogo kuelekea chini, maji ya mvua yadondokee hapo. LNB nitakuja nayo mwenyewe.