Fundi akipunguzwa kazi kiwandani, mshahara utarudi pale pale?

MwanaMufindi
Kamwene wadau. Kiwanda cha mbao huku Mafinga kinapunguza watu. Chukulieni fundi wa kunoa misumeno ya mkanda: miaka 12 kazini, mshahara wa msingi 780,000, siku sita kwa wiki. Kawekewa barua mbili achague, ya kupunguzwa au ya kujiuzulu "kwa hiari" na bahasha kidogo. Zinatofautiana nini? Na mtu kama huyo hurudia mshahara wake baada ya muda gani?

KatibuTawi
Ya kujiuzulu asiiguse. Akiisaini, kiinua mgongo cha sheria ya ajira ya 2004 kimekwenda, na fao la kukosa ajira la NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) halimhusu aliyeacha mwenyewe.

Hesabu ya kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kwa hiyo miwili ya juu haihesabiwi. Wahasibu wengi hugawa mshahara kwa 30. Kwa siku sita za kazi kwa wiki gawa kwa 26, ndizo siku za kazi za mwezi: 30,000 × 70 = 2,100,000. Ukigawa kwa 30 inatoka 1,820,000, yaani 280,000 zimepotea kimyakimya. Notisi ya siku 28 na likizo ambayo hakwenda ni mbali na hapo.

NSSF: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kama 260,000 kwa mwezi, akiwa na michango isiyopungua miezi 18. Achukue taarifa ya michango LEO. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba yalipelekwa.

UchumiUyole
Swali la pili jibu lake si tamu. Jacobson, LaLonde na Sullivan (1993) walifuatilia wafanyakazi wa muda mrefu waliopoteza kazi Pennsylvania, Marekani: miaka kadhaa baadaye kipato bado kilikuwa chini kwa takriban asilimia 25. Huko rekodi za mishahara zipo. Huku kazi inayofuata mara nyingi haina hata mkataba, kwa hiyo sitarajii nafuu.

Sababu kubwa ni ujuzi kukosa mnunuzi. Mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao zilizojaa Mufindi, hutumia msumeno wa duara, kwa hiyo fundi wa mkanda analipwa kama kibarua mwingine yeyote.

MwanaMufindi
Basi akienda dingdong kwa muda anajiharibia?

UchumiUyole
Kula lazima, mkuu. Ila atafute kwanza viwanda vyenye misumeno ya mkanda, hata Njombe, kabla pengo la kukaa bila kazi halijawa refu; waajiri hulitilia shaka. Cheti cha utumishi akidai, ni haki yake, na barua iseme wazi "kupunguzwa kwa sababu za kiuchumi". Barua isiyotaja sababu humfanya mwajiri mpya ahisi wizi au uzembe.

KatibuTawi
Na wakibishana naye, kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ni ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, fomu namba 1. Wengi hukwama kwa "subiri tunaongea na bosi". Asubiri huku fomu ikiwa imeshapokelewa na kugongwa muhuri.